Sura ya Saba: Kuihamisha Kompyuta ya Nyumbani kwenye Programu Huria

Kompyuta ya nyumbani ina vitu viwili ambavyo mtumiaji huviona kama kimoja: programu, na mafaili yanayoandikwa na programu hizo. Programu huja na kuondoka. Mafaili ndiyo mali. Katika nyumba ya Kuze, mtaa wa Mji wa Kale kisiwani Mombasa, mafaili hayo yaweza kuwa vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, orodha ya wanafunzi wa madrasa, hesabu za oda za mahamri na viazi karai, kadi za harusi, nasaba ya ukoo iliyochapwa kutoka daftari la babu, na nyimbo za taarab zilizotolewa kwenye kanda. Programu ikiharibika itapatikana nyingine. Nasaba ikikataa kufunguka, aliyeisimulia huenda ameshazikwa. Kwa sababu hiyo sura hii inaanza na mafaili, inafuatiwa na programu za kila siku, na mfumo endeshi unakuja mwisho, ingawa wengi wanaotaka kuhama huanzia huko mwisho.

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuinakili na kumpa mwenzake, na kuibadilisha. Fikra hiyo ilipata umbo mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU nchini Marekani. Leseni yake kuu, GPL, ilitoka mwaka 1989. Na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, ambacho leo kimo ndani ya kila simu ya Android. Huria si sawa na bure. WhatsApp haitozwi pesa, lakini hakuna aliye nje ya kampuni anayeweza kusoma msimbo wake wala kuurekebisha. Kiwango huria nacho ni jambo la tatu: ni maelezo yaliyochapishwa ya namna faili linavyoandikwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuata na kutengeneza programu yake bila kuomba idhini. Programu ya kulipia yaweza kuandika faili la kiwango huria, na Microsoft Word yenyewe hufanya hivyo ikiamriwa.

Kwa nyumba nyingi za Kenya, sababu ya kuhama imekuja na tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikaacha nyongeza ya mwaka mmoja tu ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. Laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Laptopu ya namna hiyo yenye RAM ya GB 8 bado ina uwezo wa kuandika barua, kucheza video na kuendesha darasa la mtandaoni kwa miaka mingi ijayo. Haina kasoro yoyote ila kwamba mtengenezaji wa mfumo ameamua kutoihudumia.

Sababu ya pili inazungumzwa kwa sauti ya chini. Windows na Office nyingi zilizomo katika kompyuta za Kenya hazikulipiwa. Makadirio ya BSA, muungano wa makampuni ya programu, kwa miaka ya 2013 hadi 2017 yaliweka programu zisizo na leseni nchini juu ya theluthi mbili. Kifaa kinachotumika kuvunja kufuli la leseni mara nyingi ndicho kinachoingiza virusi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kunakili huko, na kwa familia inayopima riziki yake kwa halali na haramu suala halikomei kwa sheria ya serikali: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe na haifai kuzivamia. Programu huria inaliondoa tatizo hilo kutoka mzizi wake. Kuinakili na kumpa jirani si jambo la kufumbiwa macho; ni haki iliyoandikwa ndani ya leseni.

Mafaili kwanza

Muundo huria wa nyaraka za ofisini unaitwa ODF. Ulipitishwa na shirika la OASIS mwezi Mei 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Barua zake huishia kwa herufi odt, majedwali ods, na maonyesho odp. Faili la odt ni kifurushi kilichobanwa kwa njia ya zip. Likibadilishwa jina liishie kwa zip na kufunguliwa, ndani yake huonekana faili liitwalo content.xml, na maneno ya barua yamo humo, yanasomeka kwa macho hata pasipo programu ya ofisi. Hilo ni jaribio ambalo kila anayehama angefaa kulifanya mara moja, kwa sababu linaonyesha kinachopatikana: hata programu zote za leo zikitoweka, maandishi yatatolewa.

Microsoft ilijibu kwa muundo wake wa OOXML, ambao ndio docx na xlsx za leo, na ukapitishwa kuwa ISO/IEC 29500 mwaka 2008 baada ya mvutano mkubwa. Afrika Kusini, pamoja na Brazil, India na Venezuela, ilikata rufaa dhidi ya uamuzi huo, na rufaa zikakataliwa. Kiwango hicho kina sura mbili, ile kali na ile ya mpito, na Office kwa kawaida huhifadhi ile ya mpito, iliyobeba mabaki mengi ya matoleo ya zamani. Ndiyo sababu docx hufunguka vizuri katika programu nyingine, lakini si kila mara kwa ukamilifu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kupekua mafaili. Yale yanayoendelea kuhaririwa, kama orodha ya madrasa au hesabu za oda, huhifadhiwa upya kwa odt na ods. Yale yaliyokamilika, kama cheti au hati ya nyumba, huwekwa kwa PDF, ambayo imekuwa kiwango cha ISO tangu mwaka 2008. Na kwa yale yanayotakiwa kudumu kuna PDF/A ya mwaka 2005, ambayo hulazimisha fonti zote zifungwe ndani ya faili ili maandishi yasibadilike sura katika kompyuta nyingine. Ya zamani hayafutwi. Huachwa katika folda yake, kwa sababu ubadilishaji wa kwanza mara nyingine hupoteza jedwali au tanbihi, na hilo hugunduliwa baada ya miezi.

Kadi za harusi zinahitaji uangalifu wa peke yake. Nyingi zimetengenezwa kwa Microsoft Publisher au CorelDRAW. Publisher imetangazwa kufikia mwisho wake Oktoba 2026, na mafaili ya pub hayana programu nyingi zinazoyaelewa. LibreOffice Draw, programu huria ya kuchora, huyafungua, pamoja na cdr za Corel, ingawa mapambo mazito hupotoka. Kadi inayotaka kutumiwa tena, kubadilishwa majina ya bwana na bibi harusi na tarehe ya nikaha, ni bora ichorwe upya katika Inkscape, inayoandika SVG, kiwango cha shirika la W3C tangu 2001. Ni kazi ya jioni moja kwa kila kadi, na hairudiwi.

Sauti ina uzito wake Mji wa Kale. Taarab ya Mombasa ilisafiri kwa kanda: Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, walisikika majumbani zaidi kwa kanda kuliko kwa santuri, na duka la Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kurekodi na kuuza kanda hizo. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na unyevu wa pwani hauupi umri mrefu. Audacity, programu huria iliyotolewa mwaka 2000, hurekodi kanda kupitia waya unaounganisha redio na kompyuta. Sauti isiyobanwa huchukua karibu MB 10 kwa dakika, yaani takriban MB 600 kwa kanda ya saa moja. Muundo huria wa FLAC huipunguza hadi nusu hivi bila kupoteza chembe ya sauti. MP3 hubana zaidi lakini hutupa sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa. Hataza zake zilikwisha mwaka 2017, kwa hiyo sasa haina kizuizi. Inafaa kutumwa kwa simu, haifai kuwa nakala ya pekee. Kanda za mawaidha na za sauti za wazee waliotangulia hutendewa vivyo hivyo, na hizo ndizo za kuanza nazo, kwa kuwa nyimbo za Juma Bhalo zimo pia katika nyumba nyingine na sauti ya bibi haimo.

Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

Mombasa iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kuenea. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, zimefika leo kwa sababu Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, alizikusanya kutoka kwa waliozihifadhi na kuziandika kwa herufi hizo. Maandishi yake yakapitia mikononi mwa mmishonari William Taylor, na mwaka 1940 mhariri Hichens akachapisha diwani ya tungo hizo. Kati ya kuandikwa na kuchapishwa palipita zaidi ya miaka 50. Karatasi hizo zilisomeka baada ya muda huo wote kwa sababu kanuni za hati ya Kiarabu ni za umma. Hakuna aliyemiliki ufunguo wa kuzifungua.

Katika kompyuta, jambo hilo halikuwa la hakika hadi Unicode ilipokuja. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, na lengo lake ni kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake moja isiyobadilika. Kabla ya hapo fonti nyingi za Kiarabu zilikuwa na nambari zake zenyewe. Hati iliyoandikwa kwa fonti moja, ikifunguliwa pasipo fonti hiyo, ilikuwa mchanganyiko wa alama zisizo na maana. Hati za namna hiyo bado zimo katika diski za zamani. Zinatambulika kwa urahisi: fonti ikibadilishwa, maneno yanageuka takataka. Dawa yake ni kuzichapa upya, au kuziokoa kama picha angalau zisomeke.

Kiarabu chenyewe hakitoshi kwa Kiswahili. Hakina p, ch wala v, na alama zake za irabu ni tatu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Unicode ina herufi pe na che zinazotumika pia katika Kiajemi na Kiurdu, ina ve yenye nukta tatu, na ina alama za ziada za irabu. Kanuni ya kuzitumia kwa Kiswahili ilifanyiwa kazi na Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi SOAS, London. Mwaka 1997 yeye na Peter Frankl walichapisha mapendekezo ya mwandiko kamili. Baadaye Kevin Donnelly alitengeneza Andika!, zana huria za kuchapa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kugeuza maandishi kati ya hati hiyo na ya Kirumi. Kazi hii inaonyesha faida ya programu huria kuliko mfano mwingine wowote unaopatikana pwani. Hakuna kampuni itakayoona faida ya kibiashara kutengeneza kibodi ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Katika Linux mpangilio wa kibodi ni faili la maandishi ya kawaida, na anayejua herufi anazotaka anaweza kulihariri, kulijaribu, na kumpa mwalimu wa madrasa jirani.

Kwa mtumiaji wa kawaida hatua ni chache. Kibodi ya Kiarabu huongezwa katika mipangilio ya mfumo, pamoja na ile ya Kiswahili cha Kenya iliyomo tayari. Katika LibreOffice, maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto huwashwa kwenye mipangilio ya lugha. Na fonti huria kama Amiri au Scheherazade New hupakuliwa. Scheherazade New imeundwa na shirika la SIL kwa ajili ya lugha nyingi zinazotumia hati ya Kiarabu, kwa hiyo alama za ziada zinakaa mahali pake.

Programu za kila siku

Hatua inayofuata hufanyika ndani ya Windows ileile ya zamani. LibreOffice, Firefox, Thunderbird, VLC, GIMP, Inkscape na Audacity zote zinafanya kazi katika Windows kama zinavyofanya katika Linux. Zikiwekwa huko na kutumiwa kwa miezi kadhaa, siku ya kubadili mfumo endeshi watu wa nyumbani watakuta vyombo vyao vilevile. Polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walifuata utaratibu huu: walianza na OpenOffice mwaka 2005, wakafuatisha Firefox na Thunderbird, na mwaka 2008 ndipo walipoanza kuweka Ubuntu. Jiji la Munich, Ujerumani, lililopitisha mpango wake wa kuhamia Linux mwaka 2004 na kuhamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia 2013, lilipiga kura mwaka 2017 kurudi Windows, na sehemu kubwa ya malalamiko ilihusu nyaraka zisizooana na jinsi huduma za kompyuta zilivyopangwa, si Linux yenyewe.

LibreOffice ilizaliwa Septemba 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice.org walipojitenga baada ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, na inasimamiwa na taasisi ya The Document Foundation. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaingia katika ukoo huu mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu hiyo. Hakuna aliyehitaji kuomba kibali cha kutafsiri menyu. Leseni ilikwisha kukitoa. Microsoft ilileta Kiswahili katika Office baadaye.

Kisahihishi cha tahajia ya Kiswahili kinatokana na kazi ya Jason Githeko wa Kenya, aliyeitoa kwa leseni huria. Kinaendeshwa na Hunspell, injini iliyoundwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha nyingine inayorundika viambishi kwenye shina moja, na urithi huo unasaidia kwa vitenzi kama hawatatupigia. Hata hivyo kitapiga mstari mwekundu chini ya maneno mengi sahihi, na chini ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, karibu chote: ndia, mato, mtele. Suluhisho ni kuunda kamusi binafsi ya Kimvita katika LibreOffice. Hiyo nayo ni faili la maandishi tu, neno moja kila mstari, na hunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa katika kompyuta nyingine. Mtaa mzima ungeweza kutumia kamusi moja inayokua.

Lalamiko la kwanza la anayeanza huwa kwamba barua iliyotoka kwa mwingine imevurugika: mstari umehama, ukurasa umeongezeka. Chanzo mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo katika Linux. Carlito na Caladea ni fonti huria zilizopimwa upana uleule, herufi kwa herufi, na Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007, zinashika nafasi ya Arial, Times New Roman na Courier New. Zikiwekwa, kurasa nyingi hurudi mahali pake. Matatizo yanayobaki ni ya majedwali yenye macro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili. Macro za Excel hufanya kazi kwa sehemu tu katika LibreOffice Calc, na anayezitegemea kwa riziki yake azijaribu moja moja kabla ya kuamua.

Kuhusu kodi, mlipakodi wa Kenya ana nafuu ambayo wengi hawaijui. Katika iTax, mfumo wake wa kodi mtandaoni, Mamlaka ya Mapato ya Kenya imekuwa ikitoa fomu za kupakua kwa muundo wa Excel na pia wa ODS, kwa hiyo ripoti ya mapato inayotakiwa kufikia Juni 30 inaweza kujazwa kwa LibreOffice, mradi macro ziruhusiwe ndani ya programu. Huduma za eCitizen hupatikana kwa kivinjari, na Firefox inatosha.

Kwa mafaili yanayotoka nje ya nyumba, kanuni ni rahisi. Kinachokwenda kuchapishwa saiba hupelekwa kwa PDF, hivyo hakitavurugika huko. Kinachopaswa kuhaririwa na mwenye Word hutumwa kwa docx. Nakala ya nyumbani inabaki odt. Kulazimisha watu wengine wapokee odt huleta ugomvi usio na faida. Kuomba shule au ofisi itume fomu zake kwa PDF ni ombi la haki, na mara nyingi hukubaliwa.

Mfumo endeshi

Kati ya matoleo mengi ya Linux, mawili yanamfaa anayeanza. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo lake la kwanza likatoka Oktoba 2004, na hadi mwaka 2011 kampuni yake, Canonical, ilituma CD bila malipo kwa posta duniani kote. Mombasa inaifahamu kupitia shule: Camara, shirika la elimu lililoanzishwa Ireland mwaka 2005, liliweka kituo chake cha Kenya hapa, na kompyuta lilizozikarabati na kuzisambaza ziliendeshwa kwa Ubuntu. Kwa laptopu ya zamani, hata hivyo, Linux Mint ya Xfce ni chaguo bora. Ni nyepesi, menyu yake iko chini kushoto kama katika Windows, na inahitaji angalau RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20, ingawa GB 4 na GB 100 ndizo zinazopendekezwa.

Kuipakua ni karibu GB 3. Mombasa ndiyo iliyopokea nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM mwaka 2009, lakini nyumba inayotegemea bando la simu bado huuhisi mzigo huo. Inatosha mtu mmoja aipakue, akague alama yake ya SHA256 kuhakikisha haikuharibika wala kuchezewa njiani, kisha ipite kutoka flashi hadi flashi. Flashi ya GB 8 iliyoandikwa kwa programu kama balenaEtcher huwasha kompyuta bila kugusa diski. Huu ndio uwanja wa majaribio, na haufai kurukwa. Wi-Fi inashika? Chipu za Broadcom husumbua. Sauti na kamera zinafanya kazi? Printa inaonekana? Za HP huungwa mkono vizuri, na printa mpya nyingi hufanya kazi bila kiendeshi chochote. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon ni shida. Mzee anayetumia kompyuta kusikiliza Qurani na kuongea na wanawe walio Muscat au London aketi mbele yake ajaribu, kwa sababu akikwama yeye, nyumba nzima itarudi ilikotoka.

Kabla ya kuweka, nakala za mafaili yote ziwe katika sehemu mbili, mojawapo nje ya nyumba. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, ufunguo wa kuirejesha uandikwe karatasini. Anayetaka kuiacha Windows ibaki kando ya Linux azime kwanza kipengele cha kuwaka haraka ndani ya Windows, la sivyo Linux itakataa kuandika katika diski hiyo au itaharibu mafaili. Kuiacha Windows ni busara kwa nyumba yenye QuickBooks, programu za Adobe, au mtihani wa mtandaoni unaodai programu yake maalumu. Hivyo havina mbadala kamili. Kwa nyumba nyingine, kufuta na kuanza upya ni rahisi zaidi. Uwekaji wenyewe kwa kawaida hauzidi saa moja. Na ikiwa laptopu bado ina diski ya kuzunguka, pesa za kwanza zitumike kununua SSD, kwani kasi itakayopatikana ni kubwa kuliko ya badiliko lolote la programu.

Baada ya hapo kila mtu afunguliwe akaunti yake, na nywila ya msimamizi iwe kwa mtu mmoja au wawili. Mafundi wengi wa mjini wamezoea Windows, na aliyepelekewa kompyuta asiyoifahamu huenda akaifuta yote na kuweka nakala isiyo na leseni kwa nia njema. Daftari dogo lililobandikwa ndani ya mfuko wa laptopu, likitaja toleo la Linux, tarehe ya kuwekwa na mahali zilipo nakala za akiba, linazuia hasara hiyo.

Masasisho huja kupitia dirisha moja kwa programu zote, na hufanywa wakati bando lipo. Mara moja kwa mwaka mafaili ya zamani yafunguliwe machache bila kuchagua, diski ya akiba ijaribiwe, na nakala zihamishiwe kwenye diski mpya kama ya zamani imeanza kutoa sauti. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inahudumiwa hadi mwaka 2029. Laptopu itakayokuwa bado inafanya kazi wakati huo itawekewa toleo litakalofuata kutoka katika flashi, na folda za nyumbani zitarudishwa kutoka katika nakala za akiba.